Chuchu Mbili za Ndama, Mbili za Mtoto

Wajukuu zangu wananiita bahili, nami naitika. Nikimwona mtu anatupa kipande cha sabuni eti kwa sababu kimekuwa chembamba, moyo unaniuma kabisa. Nakiokota, nakibandika juu ya kipande kipya, kesho yake vimeshikana, maisha yanaendelea. Wao wanacheka. "Bibi, sabuni siku hizi si kitu!" Nawaambia chekeni tu, meno ni yenu. Nyumba niliyolelewa mimi kila kitu kilikuwa kitu, na kama kisingekuwa hivyo, huyo mdogo wangu mnayemkimbilia kumwomba hela ya soda angekuwa amezikwa zamani pembeni mwa mama yake.

Tulikaa upande wa Shinyanga, kwenye mbuga, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kufika madukani Tinde. Ilikuwa miaka ya baada ya vita vikubwa, waliokwenda kupigana wamesharudi na makoti yao mazito, wanayavaa hata juani. Baba yangu alikuwa Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, chini ya ardhi. Alikwenda kutafuta kodi na nguo, na alikuwa anarudi pale tu ruhusa inapopatikana, yaani kwa nadra. Hakuwepo mama alipojifungua ndugu yangu. Hakuwepo mama alipokufa.

Mtoto alibaki. Mimi nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, meno ya mbele yametoka juzi, lakini nakumbuka jinsi wanawake waliokuja msibani walivyomtazama yule mtoto kisha wakaangalia pembeni. Siku zile mtoto wa namna ile alimfuata mama yake, na kila mtu alilijua hilo. Bibi mmoja wa jirani alisema waziwazi, bila hata kupunguza sauti, "Huyu naye msimchoshe. Mwacheni apumzike."

Bibi yangu, mama mzaa baba, alisikia, akainuka. Alimchukua mtoto, akamfunga kifuani kwa kipande cha kaniki, akasema, "Hapa kwangu kuna ng'ombe." Basi. Hotuba yake yote ilikuwa hiyo.

Sasa ng'ombe mwenyewe hakuwa wetu. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa kwa marafiki, huyu mmoja, yule wawili, ili ugonjwa ukiingia usimmalize. Wewe unayefuga unapata maziwa na samadi. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wake, na ukishafuga miaka mingi na ndama wakawa wengi, anaweza kukupa mmoja kuwa asante. Lakini akikuta ng'ombe wake amekonda, au akiona hafaidiki, anakuja na kamba anamchukua, na hakuna wa kumlaumu. Ng'ombe wetu alitoka kwa mzee mmoja wa upande wa Tinde aliyekuwa rafiki wa babu yangu. Babu alikufa, urafiki ukabaki, ng'ombe naye akabaki. Alikuwa mwekundu, pembe moja imeinama, na alizaa ndama jike muda mfupi kabla mama hajajifungua.

Ng'ombe wetu wa kienyeji hawajazi ndoo, mnawajua. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Bibi aligawa hivi: chuchu mbili za ndama, mbili za mtoto. Ndama akianza kunyonya, maziwa yakishuka, bibi anamwongoza upande wake, yeye anakamua upande wa mtoto, na hata siku moja hakuvuka mpaka. Nilimwambia, bibi, ndama anashiba, kamua kidogo na kule. Akasema, "Ndama akifa, mama yake anafunga maziwa siku hiyohiyo. Ukimwibia ndama, umemwibia mdogo wako." Kisha akanipiga kofi dogo la mgongoni, la kunikumbusha tu.

Na hapo ndipo ubahili wetu ulipoanzia. Wanawake wote wa kule walipata chumvi, mafuta ya taa na kiberiti kwa njia moja: samli. Unasukasuka maziwa kwenye kibuyu, unatoa siagi, unaiyeyusha, unapeleka dukani kwa Mhindi, unarudi na mahitaji. Bibi hakuwa na tone la kusukasuka. Kishamba chetu cha pamba, fedha yake ilikwisha kwenye msiba. Baba alituma kitu akipata msafiri wa kuaminika, na wasafiri wa kuaminika walikuwa wachache kuliko wasafiri. Kwa hiyo bibi aliamua kwamba tusichoweza kukitengeneza wenyewe, tutaishi bila hicho. Lo, na tuliishi!

Kiberiti hatukununua. Moto wetu haukuzimika. Jioni bibi alifukia makaa kwenye majivu pamoja na kinyesi kikavu cha ng'ombe, asubuhi anafukua, anapuliza, moto huo. Ukizimika kwa bahati mbaya, nilitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa moja, na nilirudi mbio napuliza mpaka macho yanatoka machozi. Kuni zenyewe zilikuwa mabua ya pamba na kinyesi hichohicho, maana miti kwetu ilikatwa zamani ili mbung'o wakose pa kukaa. Kibatari kiliwashwa kwa sababu moja tu, kumtazama mtoto akilia. Kulia kwangu mimi hakukuwashiwa taa.

Chumvi ilikaa kwenye kifuu juu ya dari, na bibi aliichota kwa ncha za vidole viwili, kisha akakikung'uta kidole kimoja ili nusu irudi. Mboga tuliilainisha kwa maji ya majivu, ambayo yana uchumvichumvi wake, ukizoea unaona sawa. Nguo tulifua kwa maji hayohayo. Uzi wa kushonea tulichomoa kwenye gunia. Sindano ilikuwa moja, imechomekwa kwenye paa sehemu ile ile kila siku, na mtu akiihamisha nyumba nzima inasimama.

Chakula kilikuwepo, nisije nikamsingizia marehemu. Viazi vitamu vikivunwa tulivikata vipande na kuvianika juu ya mawe mpaka vikawa michembe, mikavu ya kugonga mlango. Majani ya kunde tulianika yakawa nsansa. Kiangazi watu wanapohangaika, sisi tunachemsha michembe na karanga, tunakula tunashiba. Bibi alikuwa akisema, "Akiba haiozi," akinitazama mimi ninayekunja uso. Michembe asubuhi, michembe jioni! Niliichukia kwa moyo wangu wote. Leo mtu akiniletea kutoka Kagongwa namkumbatia.

Na nyuma ya nyumba alikuwa na ngitili yake, yaani kipande cha nyasi alichokifunga tangu masika, hakuna mnyama kuingia mpaka kiangazi kikaze. Wachungaji walimwomba, akakataa. Walimtania, akatania nao, akakataa tena. Mtu akipitisha mbuzi pale, bibi aliyekuwa akilalamika magoti alikimbia huyo, na fimbo mkononi. Nyasi zile zilikuwa maziwa ya mwezi wa tisa na wa kumi, na yeye alishayaona tangu mwezi wa tatu.

Nilitamani maziwa, nisiseme uongo. Nilikuwa mtoto. Bibi alichemsha ya mdogo wangu kwenye chungu kidogo, akayachanganya na maji, akamnywesha kwa kibuyu chembamba chenye mdomo alioulainisha kwa nta. Yale yaliyogandia chini ya chungu nilipewa mimi nikwangue kwa kidole. Yeye hakukwangua. Hata kidole kilichorukiwa na povu alikipangusa mdomoni kwa mtoto.

Basi watu wakaanza kusema. Kwanza walisema ni bahili, hilo halikumuuma. Kisha wakaanza kuuliza. Huyu mama haombi, hakopi, hapeleki kitu dukani tukamwona, maziwa hatujawahi kuonjeshwa, na ng'ombe amenona kiangazi hiki chote. Anaishije? Ikapatikana jibu: anauza samli kwa siri, anafukia fedha. Jamani, watu! Alikuwa anaishi kwa kutonunua, wao wakadhani anaishi kwa kuuza. Na mtoto hawakumweka kwenye hesabu, kwa sababu bibi hakupenda atazamwe. Mtoto aliyenusurika hivyo ukimtembeza asifiwe, unaita kijicho. Alikaa ndani, ananenepa taratibu, wengine wamesahau kama yupo.

Uvumi ukasafiri. Ulimfikia mwenye ng'ombe, na ulimfikia akiwa Geita, kwa sababu siku hizo alikuwa anapeleka ng'ombe kule wachinjwe. Wachimbaji wana njaa na wana fedha, nyama ilikuwa haikai. Alisikia kwamba mjane wa rafiki yake anatajirika kwa samli ya ng'ombe wake. Kuhusu mtoto hakusikia lolote, maana na baba yangu kule hawakukutana. Habari za kifo cha mama alizipata mapema, na kama mtu yeyote wa mbali alidhani mtoto alifuata palepale.

Akaja. Kiangazi kimekaza, upepo unarusha vumbi, mimi niko mlangoni nachambua nsansa, namwona anashuka kwenye baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kamba ya katani, mpya, imeviringwa vizuri. Hata mtoto wa kwetu anajua kamba mpya maana yake nini. Nilipiga magoti nikamwamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Bibi yako yupo?"

Alikuwepo. Alimpa kigoda, wakasalimiana kwa Kisukuma salamu zile ndefu za kwetu, mifugo, mvua, wagonjwa, waliokufa. Bibi akamwandalia michembe na karanga kwenye ungo safi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akampa kwa mikono miwili.

Sasa mnielewe hapa. Kwetu mwenye ng'ombe akija kumtazama ng'ombe wake, jambo la kwanza ni kumpa maziwa ya ng'ombe huyohuyo. Yaliyoganda, mazito, kibuyu kimejaa. Usipompa umemtukana kuliko kumtukana kwa mdomo. Mzee akainua kibuyu, akaonja, akakishusha.

"Shemeji, haya ni maji."

"Ni maji, shemeji."

"Ng'ombe wangu amekauka?"

"Hajakauka."

"Basi maziwa yanakwenda wapi?"

Bibi akasema, "Yana mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi!" Mzee alisimama, michembe ikamwagika ungoni. "Mwenyewe ni mimi, na nimesikia mpaka Geita! Mume wako alikuwa ndugu yangu, nikakuachia ng'ombe ili ule, uvae. Kumbe unasukasuka samli unafukia, na mimi unaninywesha maji ya kisima! Hata soni huna?"

Nilimtazama bibi aseme. Sema basi, bibi! Nilitaka kupiga kelele mimi mwenyewe, lakini mtoto wa kike haingilii maneno ya wakubwa. Yeye alikuwa anaokota michembe iliyomwagika, mmoja mmoja, anaipuliza vumbi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka na nalia. Ng'ombe anachukuliwa, yeye anaokoa michembe!

Mzee alichukua kamba, akaenda zizini, sisi nyuma yake. Alipomwona ng'ombe alisita kidogo, kwa sababu kokote alikopita siku zile ng'ombe walikuwa mbavu tupu, na huyu manyoya yalikuwa yanang'aa. Hata hivyo akamtia kamba kwenye pembe.

"Ngoja nikamue kwanza," bibi akasema. "Amejaa. Utamwumiza njiani."

Mzee akalegeza kamba, ni neno la mfugaji. Bibi akachuchumaa, nikamleta ndama, ndama akaanza, maziwa yakashuka. Bibi akakamua upande wake. Mzee amesimama na kamba mkononi, anatazama. Bibi akamaliza, akainuka na kitu kisichojaa hata kata moja.

"Mbona hizo mbili umeziacha?"

"Za ndama wako hizo."

"Na hayo ndiyo yote?"

"Ndiyo yote. Njoo ukae, nina kitu cha kukuonyesha. Kisha nenda na ng'ombe wako."

Akakaa kwenye kigoda, kamba magotini. Bibi aliyachemsha maziwa bila haraka, akayatia kwenye kibuyu kile chembamba, akaingia chumbani. Akatoka na ndugu yangu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukaa mwenyewe, mikono ina mikunjo, shavu limemfunika jicho. Bibi akamketisha kwenye mapaja ya mzee, juu ya kamba ya katani, akamwekea kibuyu mkononi.

"Shemeji, samli yangu ndiyo hiyo. Ipime. Ukiona inafaa, ipeleke dukani."

Mzee alimtazama mtoto, akamtazama bibi, akamtazama mtoto tena. "Huyu ni wa yule marehemu?" Bibi akatikisa kichwa kukubali. Mtoto alikuwa ananyonya kibuyu kwa bidii, hana habari na mtu, na alipomaliza akamkojolea mzee suruali yote ya kaki. Kwetu hiyo ni baraka. Mzee akacheka, na katikati ya kucheka akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Na wewe unakunywa nini, shemeji?"

"Maji yapo."

"Na huyu?" Alinionyesha mimi.

"Huyu ana meno," bibi akajibu.

Mzee akanyanyua kile kibuyu cha maji alichokuwa amekikataa, akayanywa yote mpaka mwisho, akakirudisha kwa mikono miwili. Akala na michembe. Alipokwenda kumfungua ng'ombe alisema, "Mpaka huyu ale ugali, asiguswe na mtu. Hata na mimi." Kamba akaiacha, ya kumfungia ndama akikua.

Mvua zikaja, na nyingine zikaja. Baba alirudi likizo akamkuta mwanawe anatembea, akakaa chini mlangoni, akamwambia bibi wabeja, mayu, asante mama, mara nyingi mpaka bibi akamfukuza akalime. Ng'ombe alizaa tena. Siku moja ndugu yangu, amekaa katikati yetu, akapeleka mkono kwenye ugali, akamega tonge, akachovya mwenyewe, akameza. Akamega la pili. Bibi alimtazama mpaka akashiba, kisha akaniambia kesho niende na watu wanaokwenda Tinde nikampe mzee habari kwamba mtoto anakula ugali.

"Bibi, kwani ameuliza?"

"Tulisema mpaka ale ugali," akasema. "Ameshakula."

Niliona ni upumbavu mtupu. Mtu hajadai, wewe unakwenda kumwita! Nilikwenda nimenuna njia nzima.

Mzee alikuja baada ya siku chache. Alimtazama ng'ombe, akamtazama ndama mchanga, akamtazama yule ndama wa kwanza, wa chuchu mbili, ambaye sasa alikuwa mtamba mzuri, amefungwa kwa kamba ileile ya katani, na ndugu yangu amemshika mkia. Akasema, "Huyu mwekundu na mtoto wake nawachukua, nyumbani kuna ukoo wa kulisha. Mtamba simchukui. Hawa walinyonya titi moja, nitawatenganishaje?" Ng'ombe wote aliowahi kuwa nao ndugu yangu mpaka leo, waliomsomesha, waliomtolea mahari, waliotulisha sisi sote, walitoka kwa yule mtamba. Kila nikiwaona nasema wabeja peke yangu, kwa mzee yule na kwa bibi, watu wakidhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Lakini siku ile, kabla hajaondoka, bibi aliingia ndani akatoka na kibuyu kikubwa. Tangu mtoto aanze ugali alikuwa ameyaweka maziwa yagande, na mimi sikujua. Akapiga magoti.

"Shemeji, maziwa yako haya. Samahani, yamechelewa."

Mzee akanywa kidogo tu, kisha akamrudishia. "Kunywa na wewe."

Bibi alisita. Aligeuka kwanza kumtafuta ndugu yangu, akamwona yupo kwenye majivu anacheza, tumbo limejaa, hana anachotaka. Ndipo akanyanyua kibuyu. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka. Alipokishusha mdomo wake ulikuwa mweupe, na macho yamemjaa.

"Lo," akasema polepole. "Nilikuwa nimesahau yalivyo matamu."

Kisha akanipa mimi kibuyu, na kilikuwa bado kizito.